Wasomaji Wauliza: Thrashi ya Kaseti, Santuri na Mkono wa Kulia

Barua za safari hii zina kiu moja: thrashi metali, ule muziki wa magitaa mazito ya kasi kubwa, ya miaka ya 1980. Wengine wamerithi kaseti, wengine wameletewa mashine za santuri kutoka ng'ambo, na mmoja anataka mkono wake ufikie kasi ya wale vijana wa California. Tumezijibu kadiri ya nafasi tuliyo nayo, na tumekawia pale penye kazi ya mikono.

Mimi na mpwa wangu hatuelewani tangu Krismasi. Yeye anasema thrashi ilianzishwa na Metallica. Mimi nashikilia kwamba ni muziki wa Waingereza. Tuamueni. (Mjomba, Buruburu)

Mjomba, mbegu kweli ilitoka Uingereza. Sikiliza wimbo Overkill wa Motörhead, wa 1979: ngoma mbili za mguu zinaanza kunguruma kabla ya gitaa, na hazipoi. Mwaka uliofuata Diamond Head wa Stourbridge wakatoa albamu yao ya kwanza, na 1981 Venom wa Newcastle wakaja na sauti chafu, ya kukwaruza, iliyowatisha hata mashabiki wa metali wenyewe. Upande wa panki kulikuwa na Discharge wa Stoke-on-Trent, ambao albamu yao ya 1982 ina nyimbo fupi fupi na mdundo unaokimbia mwanzo mwisho bila kupumua.

Mpiga ngoma Lars Ulrich, kijana wa Denmark aliyekuwa akiishi Los Angeles, alifunga safari hadi Uingereza mwaka 1981 kuwaona Diamond Head jukwaani, akaishia kukaa nao. Mwaka huo huo, aliporudi Marekani, akaunda Metallica pamoja na James Hetfield. Kwa hiyo hata Metallica wenyewe hawakuficha walikochota.

Lakini usimcheke mpwa wako bado. Waingereza walikuwa na kasi na walikuwa na uzito. Kitu ambacho California iliongeza ni mkono wa kulia. Kiganja kinalala juu ya nyuzi karibu na daraja la gitaa, nyuzi zinazimwa nusu, na piki, kile kipande cha plastiki cha kupigia nyuzi, inagonga kwenda chini tu, tena na tena, mpaka gitaa linageuka kuwa ngoma. Mkitaka kumaliza ubishi, fanyeni jaribio hili sebuleni: chezeni Am I Evil? ya Diamond Head ya 1980, kisha mcheze ile ile jinsi Metallica walivyoirekodi mwaka 1984. Wimbo ni mmoja. Msisikilize mwimbaji wala solo, sikilizeni gitaa la ridhimu tu. Katika ya pili kila pigo lina ukingo, kama shoka linaloingia kwenye mti mkavu. Ukingo huo ndio thrashi.

Mpwa naye ana kosa lake. Metallica hawakuwa peke yao, wala hawakuwa wa kwanza kuungana. Exodus walikuwepo eneo la San Francisco tangu 1979, na mpiga gitaa wao Kirk Hammett ndiye aliyechukuliwa na Metallica mwezi wa Aprili 1983 baada ya Dave Mustaine, mpiga gitaa wa Metallica, kufukuzwa. Exodus walichelewa tu kutoa albamu: Bonded by Blood iliingia madukani 1985, na kufikia hapo Kill 'Em All ya Metallica ilikuwa na karibu miaka miwili sokoni. Metallica wenyewe walihamia huko San Francisco kwa sababu mpiga besi waliyemtaka, Cliff Burton, alikataa kuhamia Los Angeles. Slayer walibaki kusini mwa California, Anthrax walikuwa New York, na Mustaine akaenda kuanzisha Megadeth.

Na mkimaliza kugawana kati ya Uingereza na Marekani, kumbukeni kwamba mpiga ngoma wa Slayer, Dave Lombardo, alizaliwa Havana, na mwimbaji wao Tom Araya alizaliwa Chile. Death Angel walikuwa vijana wa ukoo mmoja wenye asili ya Ufilipino. Kreator walitoka Essen na Sodom walitoka Gelsenkirchen, miji ya makaa ya mawe ya Ujerumani. Sepultura walianza Belo Horizonte, Brazil, mwaka 1984. Muziki huu ulifika kote huko haraka kwa sababu ya kaseti: mtu alirekodi demo, yaani rekodi ya majaribio, akamtumia mwenzake kwa posta, mwenzake akainakili akawatumia wengine watano. Demo ya Metallica ya 1982, yenye nyimbo 7, ilizunguka hivyo mwaka mzima kabla bendi haijawa na albamu.

Nina kaseti kama 30 za marehemu kaka yangu: Slayer, Testament, Kreator na nyingine alizonakili mwenyewe. Baadhi zinasikika kana kwamba zimefunikwa blanketi, nyingine sauti inayumba. Nifanye nini nisije nikaziharibu? (Dada wa Umoja)

Dada, pole, na umefanya vyema kuuliza kabla ya kubonyeza kitufe. Kaseti ya miaka 35 huharibika zaidi siku ya kwanza ya kuchezwa kuliko ilivyoharibika miaka yote kabatini.

Anza kwa macho. Inua kaseti kwenye mwanga na utazame kupitia dirisha lake dogo. Ukiona unga mweupe kwenye kingo za utepe, hiyo ni kuvu. Itenge na nyingine na usiiweke kwenye mashine yoyote unayoithamini, maana kuvu huhamia kichwani mwa mashine na kutoka hapo huingia kaseti zote. Kisha tazama sehemu ya chini iliyo wazi, katikati. Panatakiwa kuwe na kijitambaa kidogo kilichobandikwa juu ya bapa la shaba. Kazi yake ni kuusukuma utepe ugusane na kichwa cha kusomea. Gundi yake huchoka, kijitambaa kikadondoka, na papo hapo sauti inakuwa ya blanketi. Dawa yake ni kutafuta kaseti isiyo na thamani, ile yenye skrubu tano, kuifungua, na kuhamishia magurudumu na utepe wa kaka yako ndani ya ganda hilo. Kama kaseti ya kaka yako haina skrubu, imeunganishwa kwa kuyeyushwa. Pitisha wembe taratibu kwenye mshono kuanzia pembeni, mbali na utepe. Fanya kazi hiyo juu ya kitambaa cheupe, kwa sababu kuna vijigurudumu viwili vidogo na karatasi laini za kuteleza ambazo zikipotea kaseti haitazunguka.

Kaseti ikiwa nzima, iendeshe mbele hadi mwisho na irudishe hadi mwanzo kabla ya kuisikiliza. Tabaka za utepe hugandana zikikaa.

Sasa mashine. Chukua pamba ya masikio na spiriti ya isopropili ya asilimia 99, inayouzwa kwa mafundi na maduka ya vifaa vya elektroniki pale Luthuli Avenue. Ile ya duka la dawa ya kusafishia vidonda iache, ina maji mengi na mara nyingine mafuta. Futa kichwa cha kusomea, kijiti cha chuma kinachovuta utepe, na gurudumu la mpira linalokibana. Pamba itatoka na rangi ya kahawia. Endelea mpaka itoke nyeupe. Subiri dakika 10 ikauke.

Kama blanketi bado lipo, tatizo ni pembe ya kichwa. Kaka yako alinakili kwenye mashine yake, na kichwa cha mashine ile kilikuwa kimeinama kidogo kuliko cha yako. Pembeni mwa kichwa kuna skrubu mbili ndogo. Ile yenye springi chini yake ndiyo ya kurekebisha. Cheza kaseti, sikiliza matoazi peke yake, na uzungushe bisibisi polepole, usizidi robo ya mzunguko kila upande. Kuna mahali matoazi yatafunguka ghafla kama dirisha. Hapo simama. Weka alama ya mahali skrubu ilipokuwa mwanzo, kwa sababu kaseti za kiwandani zitaitaka irudi pale.

Kuyumba kwa sauti kwa kawaida ni belti ya mpira ndani ya mashine. Ikizeeka hulegea, na nyingine huyeyuka zikawa kama lami. Fundi akibadilisha, mpya iwe fupi kuliko ile ya zamani kwa kama asilimia 5, maana ya zamani imeshavutika. Belti iliyokaza mno nayo huchosha mota.

Zikishasikika vizuri, zihamishie kwenye kompyuta mara moja, usingoje. Toa waya kwenye tundu la LINE OUT la mashine uingize kwenye kadi ya sauti ya USB yenye LINE IN ya stereo. Usitumie tundu la maikrofoni la laptopu: linapokea upande mmoja tu na linavunja sauti. Programu ya Audacity ni ya bure na inatosha. Weka kiwango ili sehemu yenye kelele kuliko zote ifike karibu desibeli 6 chini ya kikomo. Kwa ubora wa CD hesabu MB 10 na kidogo kwa kila dakika, kwa hiyo kaseti ya dakika 90 inakula karibu GB 1. Zima Dolby, kile kitufe cha kupunguza mvumo, kama lebo ya kaseti haiitaji. Ukiiwasha kwenye kaseti isiyorekodiwa nayo, unalirudisha blanketi kwa mkono wako. Na tafadhali usiondoe mvumo wote wa kaseti kwa programu. Mvumo ule unakaa masafa yale yale ya matoazi, ukiung'oa wote unang'oa na mpiga ngoma.

Kama kati ya zile za kiwandani utakuta Reign in Blood ya Slayer ambayo upande wa B unarudia upande wa A, usidhani ni nakala mbovu. Albamu nzima ni dakika 29 tu, ikatoshea upande mmoja, wakaiweka mara mbili.

Kwa nini sisikii besi kwenye …And Justice for All hata nikiongeza kitufe cha besi mpaka mwisho? (Msomaji wa South B)

Kwa sababu hakuna besi ya kuongezwa. Albamu hiyo ya Metallica ya 1988 ilichanganywa huku gitaa la besi la Jason Newsted likishushwa mno, tena mara nyingi linafuata nota zile zile za gitaa la ridhimu, kwa hiyo limezama ndani yake. Ukizungusha kitufe unaongeza ngoma ya mguu na ngurumo ya magitaa. Kirudishe katikati, albamu ile inasikika vizuri ikiwa kavu.

Shemeji aliniletea mashine ya santuri kutoka Marekani. Nimeiunganisha na transfoma ya kushusha umeme, lakini kila santuri inacheza polepole na mwimbaji ana sauti nzito ya ajabu. Fundi amebadilisha belti mara mbili. Je, ni santuri? (Baba wa Rongai)

Santuri zako hazina kosa, na belti pia. Transfoma imeshusha volti kutoka 240 hadi 120, lakini haigusi hezi, yaani mizunguko ya umeme kwa sekunde. Umeme wa Marekani ni hezi 60, wetu ni 50. Mashine za zamani zenye mota inayofuata hezi za umeme huzunguka kwa kasi ya umeme zilizounganishwa nao, kwa hiyo yako inaenda tano ya sita ya mwendo wake: badala ya mizunguko 33 na theluthi kwa dakika, unapata karibu 27.8. Kwa masikio, hiyo ni kushuka kwa nusu-toni tatu na kidogo. Wimbo ulio katika E unatua karibu na C kali (C#), na Reign in Blood ya dakika 29 inachukua karibu dakika 35. Thrashi ikichezwa hivyo inakuwa muziki mwingine kabisa.

Hakikisha kwanza. Weka kipande cha karatasi kwenye ukingo wa santuri, washa saa ya simu, na uhesabu mizunguko kwa dakika 3 kamili. Mashine nzima itakupa 100. Yako, kama ni hezi, itakupa 83.

Tiba ni kubadilisha kapi la mota, kile kigurudumu kidogo cha shaba ambacho belti inakipitia. Kapi la hezi 50 ni nene kuliko la hezi 60 kwa uwiano wa sita kwa tano. Mtengenezaji akiwa hana tena, fundi wa mashine ya kukereza anaweza kulitengeneza, lakini apime kapi la sasa kwa kalipa, asikadirie: kosa la nusu milimita kwenye kapi dogo utalisikia. Mashine zenye mota ya DC, na zile ambazo mota iko moja kwa moja chini ya sahani zikiongozwa na kioo cha kwotzi, hazina shida hii. Kwao transfoma inatosha.

Nimekuwa nikipiga gitaa la benga kanisani na kwenye harusi kwa miaka sita. Sasa nataka kupiga Master of Puppets kama ilivyo, mapigo ya kwenda chini tu. Mkono unakufa baada ya nusu dakika, na kwenye amplifaya yangu ya wati 15 sauti inakuwa matope. (Kijana wa Kayole)

Vidole vya benga ni mtaji mzuri, lakini vimezoea kuziacha nyuzi ziimbe. Hapa unazinyamazisha. Wimbo huo wa Metallica wa 1986 unakwenda karibu midundo 212 kwa dakika, mapigo mawili kila mdundo: mapigo 424 kwa dakika, yote chini, kama saba kila sekunde. Hakuna mkono unaofika hapo kwa nguvu. Unafika kwa kufanya kila pigo liwe dogo.

Weka ukingo wa kiganja, upande wa kidole kidogo, juu ya daraja pale pale nyuzi zinapoanzia. Ukisogea mbele sentimita moja, nota inakufa na unasikia kugonga tu; ukirudi nyuma, nyuzi zinalia wazi. Sikiliza mpaka usikie nota na kugonga kwa pamoja. Ncha ya piki itokeze milimita 3 au 4 tu nje ya vidole, na ikishapita uzi isiende mbali. Safari ndefu ndiyo inayokuchosha. Piki iwe ngumu, milimita 0.9 hadi 1.2, maana laini inapinda na kuchelewa kurudi. Nyuzi za unene wa 10 hadi 46 (elfu za inchi) kwa usawazisho wa kawaida wa E zinatosha.

Anza na metronomu kwenye 120. Piga uzi wa sita peke yake, mapigo mawili kila mdundo, dakika 2 bila kusimama. Ikiwa bega limepanda au kidole gumba kimekaza, umeenda haraka mno, rudi 110. Kila ukipata siku mbili mfululizo bila kukaza, ongeza 4. Dakika 15 kila siku zinashinda saa mbili za Jumamosi. Kutoka 120 hadi 180 utaona maendeleo ya wiki hadi wiki. Kutoka 190 kwenda juu ni miezi, na hapo ndipo wengi wanaanza kudanganya kwa kupiga juu na chini. Sikio linajua: mapigo ya juu-chini yanateleza, ya chini yanachimba. Misuli ikichoka na kuwaka moto, pumzika uendelee. Maumivu makali kwenye kifundo ni jambo jingine, siku hiyo weka gitaa chini.

Kuhusu matope, shusha mkwaruzo wa amplifaya. Watu husikia thrashi wakadhani kitufe cha gain kiko mwisho, na hilo ndilo linaloua ule ukingo wa pigo. Kiweke katikati, besi 4, katikati ya sauti 5 au 6, juu 6. Ukiwa na pedali ya ovadraivu ya aina ya Tube Screamer, iweke mbele ya amplifaya na drive karibu sifuri na level juu. Inapunguza sauti za chini kabla hazijafika kwenye mkwaruzo, na pigo linakaza papo hapo.

Mwanangu wa miaka 16 anafunga mlango na kusikiliza Slayer kwa masaa. Majina ya nyimbo yananitia hofu. Je, ni dini ya shetani? (Mama, Kasarani)

Mama, majina na picha za Slayer zilikusudiwa kuogofya, na zimefaulu. Lakini Tom Araya, anayeyaimba maneno hayo, amesema hadharani kwamba yeye ni Mkatoliki. Ukikaa na mwanao mkasoma maneno ya thrashi kwa mapana yake, mtakuta hasa vita vya nyuklia, mahakama zinazonunuliwa, madawa ya kulevya na askari waliotumwa kufa. Keti naye, mwambie akutafsirie wimbo mmoja. Hamtakosa cha kuzungumza.

Hofu yako ielekeze kwenye masikio yake. Kipimo kinachotumika sana kazini ni desibeli 85 kwa saa 8 kwa siku, na kila desibeli 3 zikiongezeka, muda unakatwa nusu: 88 saa 4, 91 saa 2, 94 saa 1, 97 nusu saa, 100 robo saa. Yaani kwa desibeli 97, Reign in Blood moja inamaliza mgao wake wa siku nzima. Ukisimama hatua moja kutoka kwake na unasikia maneno kwenye spika zake za masikio, amezidisha. Baada ya kila albamu apumzike, na akisikia mlio masikioni usiku, aache kabisa mpaka uishe.

Nimepata fulana ya Anthrax Gikomba. Muuzaji anasema ni ya 1987 na anataka bei ya kiatu. Nitajuaje? (Msomaji wa Eastleigh)

Geuza upindo wa mkono na wa chini uhesabu mistari ya mshono. Fulana nyingi za Marekani za kabla ya katikati ya miaka ya 1990 zina mstari mmoja. Mbili zikienda sambamba, mara nyingi ni za baadaye. Tazama lebo ya shingoni: ikiwa na anwani ya tovuti, si ya 1987, hata muuzaji aape. Kisha tafuta maandishi madogo chini ya picha yenye mwaka na jina la kampuni ya uchapishaji, kama Brockum. Mwaka huo peke yake hautoshi, kwa sababu fulana mpya huchapishwa na mwaka wa zamani. Uutumie pamoja na mshono na lebo. Wino wa zamani una nyufa nyembamba zinazofuata nyuzi za kitambaa, na ukiipitisha fulana mbele ya mwanga kitambaa kimekuwa chepesi kila mahali sawa, si makwapani pekee kama zinazochakazwa kwa makusudi.

Ukiinunua, ifue ikiwa imegeuzwa ndani nje, kwa maji baridi, uianike kivulini, na pasi isiguse picha.